Safari ya Guangzhou huanzia Masasi, na kalenda yake ni ya korosho

Kila msimu wa korosho unapokwisha kwa bei nzuri, mambo mawili huonekana Masasi na Newala. Bati mpya hung'ara juu ya nyumba zilizokuwa za makuti, na wafanyabiashara kadhaa huanza kuulizia nauli ya ndege ya kwenda Guangzhou, China. Jambo la kwanza halina ubishi, kwani bati haliozi. Jambo la pili linahitaji kujadiliwa kwa makini, kwa sababu fedha anayoondoka nayo msafiri mmoja mara nyingi si yake peke yake. Ndani yake kuna fedha ya mjomba aliyeuza magunia kumi kupitia chama chake cha msingi, kuna akiba ya mke, na pengine kuna mkopo wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Safari ikiharibika, hasara huingia katika nyumba nyingi.

Wazo lenyewe la kwenda Guangzhou si baya. Jiji hilo, ambalo ni makao makuu ya jimbo la Guangdong kusini mwa China, limekuwa soko la wafanyabiashara wa Afrika tangu miaka ya 1990. Maonyesho yake makubwa ya biashara, yanayojulikana kama Canton Fair, yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Sehemu kubwa ya nguo, viatu, simu, taa na vyombo vinavyouzwa Kariakoo hutoka huko au miji ya jirani. Kwa hiyo anayenunua Kariakoo na kupeleka Masasi ana haki ya kujiuliza kwa nini asifuate bidhaa kwenye chanzo.

Hata hivyo, wapo wanaorudi na bidhaa zisizouzika, wapo wanaorudi bila bidhaa, na wapo ambao mzigo wao huishia bandarini kwa kushindwa kulipiwa ushuru. Ni rahisi kusema kuwa Wachina wana ujanja. Ukweli ni kwamba hasara nyingi za safari hii hutengenezwa hapa nyumbani, kabla msafiri hajapanda basi la Dar es Salaam. Wazee wa Newala wanaikumbuka vizuri shida ya maji ya uwanda wa Makonde, wakati watu walipotelemka bondeni kwa miguu na kupanda tena na ndoo kichwani. Hakuna aliyefika kisimani ndipo akaanza kukagua kama ndoo inavuja. Ndoo ilikaguliwa nyumbani.

Kalenda mbili zinazogongana

Kosa la kwanza, na ndilo ghali kuliko yote, ni la wakati. Minada ya korosho Mtwara huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na fedha huingia kwenye akaunti za wakulima kuanzia mwishoni mwa mwezi huo hadi Desemba au Januari. Mfanyabiashara naye huuza sana katika miezi hiyo, hukusanya fedha zake, na mwezi Januari huona kwamba sasa yuko tayari kusafiri.

Januari ndio wakati mbaya kuliko wote. Mwaka mpya wa Kichina hufuata mwezi mwandamo, na huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Mwaka 2025 uliangukia Januari 29, mwaka 2026 ni Februari 17, na mwaka 2027 ni Februari 6. Katika majuma yanayozunguka sikukuu hiyo viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi vijijini kwao, na maduka ya jumla hufunga milango. Anayefika siku hizo hulipa hoteli kwa kutazama makufuli. Anayefika siku chache kabla hupokewa kwa haraka, huchukua malipo ya awali kwa mzigo utakaoanza kutengenezwa baada ya sikukuu, na hana wa kumsimamia.

Lakini hata kama viwanda visingefungwa, hesabu ingekataa. Oda ya kiwandani huweza kuchukua mwezi mmoja kutengenezwa. Mzigo wa meli kutoka ghala la Guangzhou hadi Dar es Salaam huchukua mwezi mmoja hadi miwili, kutegemea meli na foleni za bandari. Ongeza siku za forodha na za barabara. Mzigo ulioagizwa Januari utafika Masasi Aprili au Mei, wakati mkulima ameshalipa ada ya shule, ameshanunua chakula, na sasa anatafuta fedha ya kuhudumia mikorosho. Bidhaa nzuri inamkuta mteja asiye na senti. Mfanyabiashara hulazimika kuuza kwa mkopo au kukaa na mzigo hadi Oktoba, huku riba ya benki ikiendelea kuhesabiwa.

Hesabu sahihi ni ya kurudi nyuma. Mzigo wa nguo, viatu, vyombo na simu unatakiwa uwe stoo Masasi au Newala mwishoni mwa Septemba, kabla mnada wa kwanza haujaanza. Ili ufike wakati huo, unatakiwa uondoke China Juni au Julai, na uagizwe Aprili au Mei. Bahati nzuri, maonyesho ya Canton Fair ya majira ya kuchipua hufanyika wakati huo huo. Awamu ya kwanza ni Aprili 15 hadi 19, ambayo ni ya mashine, zana, vifaa vya umeme na vyombo vya moto. Awamu ya pili, Aprili 23 hadi 27, ni ya vifaa vya nyumbani, samani, mapambo na vifaa vya ujenzi. Awamu ya tatu, Mei 1 hadi 5, ni ya nguo, viatu, vitambaa na vitu vya watoto. Maonyesho ya Oktoba na Novemba ni mazuri pia, lakini kwa mtu wa kusini huja wakati minada ndiyo kwanza inafunguliwa, na duka haliwezi kuachwa.

Ipo bidhaa moja inayofuata kalenda tofauti, nayo ni mashine za kupulizia mikorosho. Mkulima huanza kupambana na ubwiriunga kuanzia Mei au Juni. Mashine inayofika Julai imechelewa. Anayetaka kuleta mashine hizo na vipuri vyake aagize Novemba au mapema Desemba, ili mzigo utoke China kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wao. Dawa zenyewe asiziguse, kwa kuwa viuatilifu haviingizwi nchini bila usajili na kibali cha mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA.

Maana ya yote haya ni kwamba fedha ya safari ya Aprili lazima itunzwe kutoka Januari. Huo ndio mtihani wenyewe. Anayeshindwa kutunza fedha kwa miezi mitatu katika akaunti bila kuigusa atapata shida kuitunza katika mji wenye maduka elfu. Na anayetafuta nauli kwa kununua korosho za wenzake kwa kangomba tayari ameanza safari kwa kuvunja sheria na kumwumiza mkulima atakayekuwa mteja wake kesho.

Nani aende na nani abaki

Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, viza, hoteli ya siku kumi, chakula, mkalimani na usafiri wa ndani jumla yake ni Sh6 milioni. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa kilo, hizo ni kilo 2,000 za korosho ghafi, yaani magunia 25 ya kilo 80. Wapo wakulima ambao hawavuni kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Mfanyabiashara mwenye mtaji wa bidhaa wa Sh10 milioni akisafiri peke yake, gharama ya safari ni asilimia 60 ya mtaji huo. Shati alilolinunua kwa Sh5,000 linabeba Sh3,000 za safari kabla ya meli, ushuru na lori. Shati hilo haliwezi kushindana na la mwenzake aliyelinunua Kariakoo. Wafanyabiashara watano wenye Sh10 milioni kila mmoja wakituma watu wawili, safari inagharimu Sh12 milioni dhidi ya mtaji wa Sh50 milioni. Shati lile lile sasa linabeba Sh1,200. Wakiwa kumi, linabeba Sh600.

Kwa hiyo ushauri wa kiuchumi ni mwepesi. Mwenye mtaji mdogo asiende peke yake. Aendelee kununua Kariakoo, au ajiunge na wenzake. Kikundi kiandike makubaliano mbele ya mwanasheria au ofisa wa serikali ya mtaa: nani ametoa kiasi gani, nani anasafiri, kiongezwe nini bei ikibadilika, na hasara ikitokea inagawanywa vipi. Wasafiri wawe wawili, ili kila malipo yawe na shahidi. Mmoja awe anajua kusoma ankara kwa Kiingereza na mwingine awe anayeijua bidhaa kwa kuishika.

Wapo wanaosema kuwa siku hizi hakuna haja ya kusafiri, mtu anaweza kuagiza kwa simu kupitia wakala. Ni kweli kwa anayemfahamu muuzaji. Kwa asiyemfahamu, safari ya kwanza ndiyo inayomwonyesha kiwanda kipo au hakipo, na kitambaa ni kizito au chepesi. Safari moja iliyofanywa vizuri inaweza kulisha oda za miaka mitatu kwa simu. Iliyofanywa vibaya hurudiwa kila mwaka.

Karatasi zianze mapema

Asiye na pasipoti aanze mwezi Novemba. Uhamiaji huhitaji kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa, na wengi vijijini hugundua siku hiyo kwamba jina la NIDA na la cheti hayafanani. Kurekebisha herufi moja kunaweza kuchukua majuma. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018, ada yake ilitangazwa kuwa Sh150,000. Msafiri athibitishe kiwango cha sasa ofisini, si kwa kishoka wa mlangoni. Mwenye pasipoti ya zamani ahakikishe imebaki na uhai wa miezi sita au zaidi na kurasa tupu.

Viza ya China huombwa Dar es Salaam. Ya biashara ni ya kundi la M na huambatana na barua ya mwaliko kutoka kampuni ya China au waandaaji wa maonyesho. Ya utalii ni ya kundi la L. Mtu aombe ile inayolingana na kazi anayokwenda kufanya, na anayekwenda kwenye maonyesho ajiandikishe kama mnunuzi kabla ya kuondoka. Asome pia idadi ya kuingia. Viza ya kuingia mara moja huisha pale msafiri anapovuka kwenda Hong Kong au Macau, hata kama ni kwa saa mbili za kutazama mji. Kurudi Guangzhou kuchukua begi lake kutahitaji viza nyingine.

Kuzidisha siku si jambo la kufanyia mzaha. Sheria ya China ya uingiaji na utokaji inatoza faini ya yuan 500 kwa kila siku iliyozidi, hadi yuan 10,000, au kifungo cha siku tano hadi 15. Sheria hiyo inamtaka pia mgeni atembee na pasipoti yake na aandikishwe polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika. Akilala hotelini, hoteli humwandikisha. Akilala kwa ndugu au rafiki, lazima waandikishe polisi wenyewe. Mtu anaweza kupata matatizo bila kuwa mhalifu, kwa kulala tu chumbani kwa mwenyeji bila kuandikishwa.

Nakala za pasipoti na viza zibaki nyumbani na nyingine ziwe kwenye simu. Namba za ubalozi wa Tanzania Beijing na za ubalozi mdogo ulioko Guangzhou ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa na huisha chaji. Umuhimu wake ulionekana Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Waafrika wengi mjini Guangzhou walipotolewa katika nyumba na hoteli walizopanga. Mipaka ilifunguliwa tena kwa wageni Januari 2023 na maonyesho yakarudi ukumbini mwaka huo huo, lakini somo libaki. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwemo mfukoni, kwa kuwa njia nyingi za ndege hupitia Addis Ababa au Nairobi.

Jambo jingine ni mizigo ya watu. Msafiri asibebe begi, kopo la dawa wala bahasha ya mtu mwingine, hata akiwa jirani wa miaka mingi. Sheria ya China inaruhusu adhabu ya kifo kwa makosa makubwa ya dawa za kulevya, na begi lililo mkononi mwako ni lako.

Fedha na simu

Fedha ya China ni yuan, ambayo sokoni huitwa kuai. Anayebeba fedha taslimu zaidi ya Dola 10,000 za Marekani atatakiwa kuzitolea taarifa anapoondoka Tanzania, na anayeingia China na zaidi ya Dola 5,000 atatoa taarifa huko. Kutoa taarifa hakutozwi kitu, lakini kuficha kunaweza kusababisha fedha kushikiliwa. Dola zibadilishwe benki kwa kuonyesha pasipoti, wala si kwa mtu wa barabarani mwenye bei tamu.

Ugeni mkubwa kwa mtu wa Masasi utakuwa huu: Guangzhou watu hawalipi kwa noti. Muuza machungwa, dereva wa teksi na duka la jumla wote hulipwa kwa simu kupitia Alipay au WeChat. Kwa mtu aliyezoea M-Pesa dhana hiyo si ngeni, ila mlango wake ni tofauti. Tangu mwaka 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na huduma hizo. Kazi hiyo ifanyike Dar es Salaam, ambako ujumbe wa kuthibitisha wa benki bado unaingia kwenye laini ya msafiri. Benki iambiwe mapema kuwa kadi itatumika China, na kiwango cha juu cha matumizi kwa siku kiulizwe. Noti chache za yuan ziwepo kwa dharura.

WhatsApp, Facebook, Gmail na Google hazifunguki kwenye mtandao wa kawaida wa China. Anayetegemea kutuma picha ya sampuli kwa wenzake Newala kwa WhatsApp atakwama siku ya kwanza. Kikundi kizima kiweke WeChat kabla ya safari na wafanye majaribio. Programu ya kutafsiri Kichina ipakuliwe pamoja na lugha zake ili ifanye kazi bila intaneti.

Saa nazo zihesabiwe. Guangzhou iko mbele kwa saa tano. Masasi ikiwa saa tatu asubuhi, kule ni saa nane mchana. Ikifika saa sita mchana hapa, kule ni saa kumi na moja jioni na benki zinafunga. Mhasibu wa kikundi anayesubiri amalize shughuli zake ndipo atume fedha mchana atamfanya msafiri alipe hoteli siku ya ziada.

Mjini kwenyewe

Mtaa ambao Waafrika huuzoea ni Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, wenye kituo chake kwenye treni ya chini ya ardhi, njia namba tano. Hapo kuna hoteli zinazopokea wageni, mawakala wa mizigo na migahawa ya halali. Maonyesho hufanyika Pazhou, kwenye njia namba nane. Treni hizo ni nafuu na hufika hadi uwanja wa ndege wa Baiyun. Msafiri apige picha ya kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina. Dereva hatasoma jina lililoandikwa kwa herufi zetu.

Aprili na Mei ni miezi ya mvua na joto la unyevu, kama Mtwara mjini wakati wa masika. Mwavuli na viatu vya kutembelea ni muhimu kuliko suti. Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa, na wenyeji wenyewe hunywa maji ya moto. Karatasi za chooni zibebwe mfukoni. Soketi za kule ni za pini bapa au za mviringo, hivyo adapta ichukuliwe. Mwislamu wa Newala atakuta Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa China, na Mkristo wa Masasi atakuta kanisa kuu la Moyo Mtakatifu lililokamilika mwaka 1888. Sehemu hizo mbili husaidia pia kukutana na Waafrika wanaoufahamu mji.

Kununua bila haraka

Siku mbili za kwanza ziwe za kuuliza bei tu. Kikokotoo ndicho lugha ya soko, na bei ya kwanza ni salamu. Eneo la Sanyuanli linajulikana kwa bidhaa za ngozi, Baima kwa nguo, Zhongda kwa vitambaa, na mji jirani wa Foshan kwa samani na vigae. Kiwanda kwenye maonyesho huuza kwa oda yenye kiwango cha chini, hakiuzi pea kumi. Hapo ndipo faida ya kikundi huonekana tena.

Mazoea ya biashara ni kulipa asilimia 30 ya awali na 70 baada ya mzigo kukaguliwa. Anayedai yote mbele aachwe. Sampuli iliyokubaliwa isainiwe na pande mbili na nusu yake ibaki kwa mnunuzi. Mkataba uwe na muhuri mwekundu wa kampuni, ambao China una nguvu kuliko saini. Fedha iende kwenye akaunti yenye jina la kampuni hiyo. Ujumbe wa ghafla kuwa akaunti imebadilika uhakikishwe kwa kupiga simu ya video.

Vifaa vya umeme viagizwe na plagi ya pini tatu za mraba inayotumika Tanzania. Bidhaa yenye nembo maarufu kwa bei ya kutupa iogopwe, kwani Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa bandia, na anayepoteza ni mwenye mzigo.

Ushuru uhesabiwe kabla ya oda

Wengi hukumbuka ushuru mzigo ukiwa bandarini. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 lipo kundi la asilimia 35. Bidhaa zenye thamani ya Sh10 milioni pamoja na bima na nauli ya meli, kwa kiwango cha asilimia 25 zitadaiwa ushuru wa Sh2.5 milioni. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya Sh12.5 milioni, nayo ni Sh2.25 milioni. Jumla ni Sh4.75 milioni, kabla ya tozo nyingine, wakala na lori. Kwa kiwango cha asilimia 35 jumla hufika Sh5.93 milioni. Fedha hiyo itengwe kabla ya kuondoka na isiguswe hata kama bidhaa nzuri zaidi imeonekana.

Wakala wa forodha apatikane Dar es Salaam kabla ya safari na apewe orodha ya bidhaa. Yeye ndiye wa kueleza ipi inahitaji cheti cha ubora, kwa sababu TBS ilianzisha mwaka 2012 utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka. Wanaochangia kontena hulipa kwa mita za ujazo. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi, na kikundi cha watu kumi kinaweza kulijaza chenyewe kwa jina lake, badala ya kuchanganywa na mzigo wa wasiojulikana.

Siku za akiba ziwepo pia kwa barabara. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, na malori yalikwama. Mzigo uliopangwa kufika siku moja kabla ya mnada umepangwa kuchelewa.

Vyama navyo vina kazi

Jukumu hili si la mfanyabiashara peke yake. TCCIA na maofisa biashara wa halmashauri wanaweza kuandaa mafunzo ya siku mbili kila Februari, wakimleta mtu wa Uhamiaji, wa TRA, wa TBS na mfanyabiashara mmoja aliyekwenda na kurudi salama. Vyama vikuu vya MAMCU na TANECU, ambavyo vinajua idadi ya mashine za kupulizia zinazohitajika vijijini, vinaweza kukusanya oda za vyama vya msingi na kutuma wajumbe wachache wenye mkataba, badala ya kila mmoja kutafuta njia yake.

Lipo na suala la bandari. Korosho zinaposafirishwa kupitia Mtwara, makontena matupu hulazimika kuletwa huko ili yajazwe. Kontena tupu linalokuja kusini ni nafasi iliyopotea. Kama wafanyabiashara wa Masasi, Newala na Tandahimba wangeagiza kwa pamoja kwa kalenda ya Aprili, mzigo wao ungefika karibu na wakati ambao makontena yanahitajika, na wenye meli wangekuwa na sababu ya kusikiliza. Mtu mmoja mwenye mabegi manne hawezi kuzungumza na kampuni ya meli.

Hadi hapo mambo hayo yatakapofanyika, anayetaka kwenda Guangzhou ana maswali manne ya kujibu akiwa bado nyumbani: mzigo utafika mwezi gani, fedha ya ushuru iko wapi, nani shahidi wa malipo, na nani wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Mwenye majibu manne akate tiketi. Mwenye majibu matatu asubiri msimu mwingine. Guangzhou haihami, na magunia 25 ya korosho hayapatikani kwa kuokota.